Malalamiko Juu ya Bahasha za Klarisa

Kalemie

Bwana Mchapishaji,

Hina ya harusi haijafutika mikononi mwangu, na mikono hiyo hiyo inakuandikia, kwa heshima, kukushtaki. Nimesoma «Kadi za Klarisa», riwaya yenu ya picha ambamo wapenzi wawili wanaandikiana barua na kadi hadi ukurasa wa mwisho. Nimeililia mpaka Klarisa akalowa.

Mume wangu Amisi, pumzi yangu, ni fundi wa reli. Tulipooana tu akapelekwa Kabalo. Kila jioni alinipigia simu kuniuliza nimekula nini. Kabla ya kitabu chenu nilidhani hayo ni mapenzi.

1. Klarisa anafunga bahasha, basi, barua imefika. Kwetu barua hubebwa na msafiri, na bahasha huachwa wazi. Ukiifunga umemwambia kwamba humwamini. Nilimwandikia Amisi kurasa tatu kwa maneno ya Klarisa, nikampa Papa Edmond, anayefuata mawese Kabalo. Wazi, kwa adabu.

2. Treni ikaharibika porini, na abiria wakamwomba awasomee chochote. Papa Edmond ni msomaji kanisani; sauti yake inafika behewa la mwisho.

3. Sasa sokoni Mama Jeannette, badala ya kunipimia samaki wake wa ndagala, ananiuliza: «Bibi-arusi, ule simba yako amenguruma leo?» Ndivyo nilivyomwita Amisi baruani, lakini simba huyo ni wenu! Yuko kwenye picha, na manyoya yamechanwa vizuri.

4. Kabalo nako, wasafiri wananiambia, mafundi wenzake wanamngurumia Amisi akiingia kazini. Tangu hapo simu yake imenyamaza. Huu si mchezo, Bwana: nadhani mume wangu anaona haya kuwa na mke.

Kwa hiyo naomba mchore bahasha wazi kwenye jalada. Mumwandikie Amisi barua ya kuomba msamaha yenye muhuri. Na katika chapa ijayo Klarisa aachwe na mchumba wake, mpaka ndoa yangu ipone.

Pokea heshima zangu zote. Nisalimie wachoraji, wapiga chapa, mama anayewapikia, na watoto wa wote hao.

Mouna, mke wa Amisi (bado)

N.B. Amisi ameingia sasa hivi! Papa Edmond aliombwa na abiria aisome barua tena pale gare, stesheni ya Kabalo, kando ya mto. Amisi alipokimbilia kusikiliza, simu ikamtumbukia mtoni. Mkubwa wake wa kazi naye aliisikia, akalia, akampa ruhusa ya wiki nzima. Msimguse Klarisa. Leteni haraka kitabu cha pili: mkubwa ameshauliza barua nyingine itasomwa lini.