Diski Bandia? Kwangu Mimi!

Jumatatu, 3 Machi

Kamba za viatu kanifungia mke wangu tena. Mguu wa kushoto una ganzi hadi kisiginoni. Lakini leo nimempata daktari bingwa wa uti wa mgongo, kwa akili yangu mwenyewe! Mama mpole, mwenye miwani. Kaitazama picha, kasema diski ya chini imekwisha, na nikichelewa mguu utalala moja kwa moja. Ataitoa, aweke diski bandia.

Bandia! Kwangu mimi! Miaka ishirini nauza vipuri vya magari, stika za "HALISI" nazibandika kwa mkono wangu. Nikamwambia changa la macho akampige mwingine. Nikainuka kwa hasira. Kuinuka kulichukua dakika nne.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza shemeji, kaka yake mke wangu, yule seremala anayejiona. Yeye alibadilishiwa diski mwaka jana, na sasa anapanda ngazi mbele yangu makusudi. Kacheka mpaka kaangusha randa. Eti na yake ni bandia! Maskini, kaingizwa mjini na hajui.

Nikaenda kwa daktari wa pili, nikataka halisi. Kajibu kwamba halisi ni ile niliyozaliwa nayo, na nimeshaimaliza. Hana mzigo huyo. Wa tatu, karani wake kakata simu. Mke wangu anasema nyani haoni kundule. Sijui anamsema nani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeanguka dukani. Mguu umegoma wakati namwapia mteja kuhusu beringi. Watu wawili wamenibeba juu ya mlango wa stoo. Mke wangu kalia. Hapa hasomi mtu, basi naandika wazi: niliogopa sana.

Tumerudi kwa mama wa miwani. Nikadai kwanza niione. Kaleta boksi. Nimelikagua kama wakaguzi wanavyonikagua mimi dukani: namba ipo, lakiri haijaguswa, herufi zimenyooka. Nimekwaruza muhuri kwa ukucha, wino haukutoka. Wangu hutoka! Nikauliza, sasa bandia ya nini? Kasema ni bandia kama jino la bandia. Haikuota mwilini, lakini imetoka kiwandani kwake, ndiyo yenyewe.

Nikamwambia basi aandike "halisi" kwenye fomu, ndipo nitie sahihi. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Kaandika. Ushindi!

Jumatatu, 21 Aprili

Wiki ya nne tangu nipasuliwe. Ganzi imekwisha! Leo nimeweka mguu juu ya kiti, nikafunga kamba za viatu mwenyewe. Nikazifungua, nikafunga tena. Mke wangu kasimama mlangoni akijifuta macho kwa kanga. Hata mimi machozi yalinitoka kidogo.

Asubuhi shemeji kaja kunijulia hali. Nimemwonyesha nakala ya fomu: HALISI. Kaisoma mara mbili, kaondoka chai haijaisha. Jioni mkewe kapiga simu kulalamika, eti mumewe ameshinda kwa daktari akidai na yake iandikwe upya. Sijawahi kulala kwa raha kama nitakavyolala leo.

Ah, na lile boksi. Nililiomba kwa nesi, nikasema ni kumbukumbu. Leo nimejaribu beringi yangu moja, imeingia humo barabara. Kesho inakaa kabati la mbele dukani. Mteja akiuliza, fomu ya daktari ninayo.