Nyumba ya Kiholanzi Yazinduliwa Oudekoog

Mheshimiwa Meya wa Oudekoog pamoja na mume wako, Mheshimiwa Mkuu wa Bodi ya Maji, ambaye bila yeye sote hapa tungekuwa tumesimama majini hadi kifuani, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Kuteleza Barafuni, ambaye barafu haijampa kazi mwaka wa kumi na mbili huu lakini hajakosa kikao hata kimoja, waheshimiwa madiwani wa chama chetu na wa vile vyama vingine saba tunavyotawala navyo kwa mapenzi makubwa na usingizi mdogo, Mama Mchungaji, wanakwaya, mwenye duka la jibini, mwenye duka lililokuwa la jibini na sasa linawauzia watalii sabuni zenye umbo la jibini, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama yupo niliyemsahau basi ajihesabu ametajwa na apige makofi. (Makofi. Mtu anauliza kahawa itatolewa saa ngapi.)

Mimi, Diederik van Lokhorst, Diwani Mtendaji wa Utamaduni, Utambulisho wa Taifa, Uzoaji wa Taka na Maegesho ya Baiskeli, nasimama mbele yenu Jumanne hii tukufu, mbele ya mlango huu wa kilichokuwa chumba cha kusomea cha maktaba, mlango ambao kama mnavyoona umefungwa utepe wa rangi ya chungwa wenye urefu wa mita sita, ili kuzindua kitu ambacho historia ya mji wetu haijawahi kukiona. (Sauti nyuma: "Hata sisi hatujakiona!") Nasema kuzindua, wala si kufungua, maana kufungua hufungua mtu yeyote mwenye mkono, lakini kuzindua kunahitaji dira, dhima, fremuweki na rodimapu. (Bi Geesje Hoekman, miaka themanini na miwili, aliyeuza mikate mjini hapa maisha yake yote: "Hayo maneno ya wapi, Diederik?") Hicho ni Kiholanzi cha kitaalamu, Bi Geesje. (Bi Geesje: "Ongea kama mtu wa kawaida, mwanangu. Ukawaida peke yake ni wazimu wa kutosha." Kicheko.)

Ndugu wananchi, lugha yetu imevamiwa. Sisemi imetembelewa, nasema imevamiwa. Waingereza wenyewe walishafunga virago wakatoka katika Umoja wetu wa Ulaya, lakini lugha yao wameisahau sebuleni kama mgeni anavyosahau mwavuli, nasi badala ya kuuweka pembeni tunatembea nao umefunguliwa hata ndani ya nyumba. Utafiti nilioufanya mwenyewe, kwa mbinu za kisayansi na simu yangu ya mkononi, umebaini kwamba asilimia themanini na tisa nukta nne ya wahudumu wa mikahawa pale mferejini hawawezi kupokea oda kwa Kiholanzi, kwamba asilimia mia moja na mbili ya masomo vyuoni hufundishwa kwa Kiingereza, na Waholanzi, kwa Waholanzi, na kwamba mwananchi mmoja kati ya wawili na nusu akikanyagwa mguu hutukana kwa Kiingereza. (Sauti: "Na yule nusu?") Yule nusu bado anafanyiwa tathmini.

(Bi Geesje: "Mimi juzi niliagiza kahawa na biskuti. Yule kijana hakunielewa, akamleta meneja. Meneja naye akaniletea supu." Kicheko kirefu. "Msicheke, niliinywa.")

Mmesikia wenyewe! Supu! Mwanamke aliyelisha mji huu mikate miaka hamsini anapewa supu katika nchi yake! Je, serikali ya mji ilale? Haikulala. Serikali ilibuni mradi mkubwa, mradi mtambuka, mradi jumuishi na shirikishi, uitwao Nyumba ya Kiholanzi, ambamo mwenyeji na mgeni, mzee na kijana, watakaa pamoja katika mazingira wezeshi na kuzungumza lugha moja tu, yaani yetu. (Bi Geesje: "Nyumba hiyo tulikuwa nayo! Kila Jumanne humo ndani, mimi na Yonas na wageni wenzake, meza moja na birika la kahawa, tunapiga soga kwa Kiholanzi. Ukaja ukatufungia mlango miezi kumi na minne!") Sikuwafungia, Bi Geesje. Nilikiweka chumba katika hali ya utayari.

Na ili tusiburuzwe na ubunifu wa kienyeji wa meza na birika, nilifunga safari, mimi binafsi, nikijinyima raha za nyumbani, kwenda kujionea jinsi mataifa mengine ya Ulaya yanavyolinda lugha zao. Nilikwenda Lisboni, nikaelezwa yote kwa Kiingereza. Nilikwenda Tallinn, nikaelezwa yote kwa Kiingereza, tena kizuri kuliko changu, nikaona wivu. Kule Ljubljana mzee mmoja wa baraza lao la lugha alisimama kwa saa tatu akieleza kwa nini moyo wa Mslovenia hauwezi kusema yaliyo ndani yake kwa lugha ya kigeni, akalia, nami nikalia, na mkalimani hakuhitajika, kwa sababu alikuwa akieleza kwa Kiingereza. Kule Paris walikataa katakata, wakanisemesha Kifaransa siku mbili mfululizo. Sikuambulia hata neno, lakini nakiri kwamba ndiyo ziara pekee niliyorudi nikiwaheshimu wenyeji. Na jirani zetu wa Flandria, kule Ubelgiji, ambao lugha yao na yetu ni moja, kikao chetu nao tulikiendesha kwa Kiingereza ili pasiwe na wa kumcheka mwenzake matamshi. (Makofi yenye mashaka.)

(Mkono unainuka. Ni Yonas Tesfamariam, fundi baiskeli kutoka Eritrea, mwaka wake wa sita mjini hapa. Anasema, kwa Kiholanzi kilichonyooka: "Mheshimiwa, mtihani wangu wa kuzungumza ni baada ya siku kumi na tisa. Nikifeli, ombi langu la uraia linarudi mwanzo. Kila mteja dukani akisikia lafudhi yangu anageukia Kiingereza hapo hapo. Mahali pekee nilipoachwa niongee, nikosee, nirudie, ni pale mezani kwa Bi Geesje. Naomba kujua, chumba kitafunguliwa lini?")

(Mheshimiwa anatabasamu mpaka magego. Anaacha Kiholanzi na kumjibu kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mfereji.) Swali zuri sana, rafiki yangu! Karibu sana nchini kwetu! Usiwe na wasiwasi wowote, hapa sote tunaongea Kiingereza! (Yonas, kwa Kiholanzi: "Lakini mimi nimekuuliza kwa Kiholanzi.") Na umejitahidi mno! Hongera! (Umati: "Mjibu kwa Kiholanzi!") Namjibu kwa adabu, jamani! Sisi ni watu wa adabu, hatumwachi mgeni ahangaike na lugha yetu! (Bi Geesje: "Anayehangaika hapa ni wewe. Mwenzio kazungumza kama msoma habari.")

(Mheshimiwa anarudi kwenye Kiholanzi na kunywa maji.) Ndugu wananchi, hilo limechukuliwa na litafanyiwa kazi na kamati, kamati ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake, na ambayo imekaa vikao arobaini na sita, sikukuu na siku za kazi, kwa kahawa kikombe kimoja na biskuti moja kwa kila mjumbe, kisha kopo la biskuti likafungwa, kwa hiyo asije mtu akatuambia tumekula mali ya umma. Vikao vyote arobaini na sita tuliviendesha kwa Kiingereza. (Minong'ono.) Tulieni! Palikuwa na sababu ya kiungwana. Miongoni mwetu yumo mtaalamu wetu wa majengo ya umma, Bwana Mogens Kjeldgaard, Mdenmaki, yule pale mstari wa mbele, na ninyi mnajua desturi yetu: wakikaa Waholanzi ishirini na mgeni mmoja, ishirini ndio wanaohama lugha. (Makofi. Hili wanalijua.)

(Bwana Mogens anasimama, anavua kofia, anasema kwa Kiholanzi: "Samahani. Mimi nimeishi Oudekoog miaka kumi na moja. Mke wangu ni wa hapa. Naimba besi katika kwaya yenu.") Mungu wangu, Mogens! Mbona hukusema? ("Nilisema. Kikao cha kwanza, kwa Kiholanzi. Wewe ndiye uliyenijibu kwa Kiingereza." Wanakwaya wanashikana mabega kwa kicheko, mwenye duka la sabuni anakaa chini kabisa.)

Hili nalo linathibitisha, wala halipingi, umuhimu wa mradi! Maana kama mtu anaweza kukaa vikao arobaini na sita bila mtu kugundua kwamba anajua lugha yetu, basi hali ni mbaya kuliko takwimu zangu, na takwimu zangu nilizikuza mimi mwenyewe! Kwa hiyo, kabla sijakata utepe, tuungane katika kaulimbiu. Nikisema Kiholanzi, ninyi semeni Chetu! Kiholanzi! (Watu wa Oudekoog wanatazama viatu vyao. Kupiga kelele hadharani si malezi yao. Kisha kutoka nyuma, Yonas na wenzake tisa, kwa pumzi zao zote: "Chetu!" Njiwa wanaruka kutoka paani.) Kiholanzi! ("Chetu!") Lugha moja! ("Mji mmoja!") Hiyo ya pili sikuwafundisha, lakini naipokea.

(Mheshimiwa anakata utepe. Mpiga picha wa gazeti anaomba na mlango ufunguliwe, picha ipate mwanga. Mheshimiwa anaufungua.)

Sasa shukrani. Namshukuru msanifu wa Nyumba hii, ambaye atateuliwa. Nawashukuru mafundi kwa kutotuangusha, na hawangeweza kutuangusha kwa kuwa hawajaitwa. Naishukuru kamati yangu, ambayo kikao chake cha arobaini na sita kilivunjika kwa hekima na heshima tukiwa bado tunajadili tangazo la zabuni liandikwe kwa Kiholanzi au kwa Kiingereza, na ndiyo maana, ndugu zangu, nasema kwa uwazi na uwajibikaji, hakuna tangazo, hakuna zabuni, hakuna jengo, hakuna mkufunzi wala kitabu, na katika mradi mzima kilichopatikana mpaka leo ni utepe, ambao nimeukata sasa hivi. Lakini dira ipo! Dira ipo na... samahani, mnakwenda wapi? (Bi Geesje anapita mlangoni na mkongojo wake. Yonas anamfuata, na wenzake, na Mogens, na kwaya.) Jamani, humo hakuna kitu! Nimewaambia sasa hivi, hakuna Nyumba! (Bi Geesje, bila kugeuka: "Meza ipo. Lete viti hivyo, Yonas. Na leo uniambie habari za mama yako tangu mwanzo, ukikosea nakukatiza.")

(Ndani, viti vinaburuzwa. Mtu anapuliza vumbi kwenye birika. Mama Mchungaji anauliza sukari ilikuwa wapi. Yonas anaanza kusimulia, anakosea, anasahihishwa na watu sita kwa pamoja, anarudia, wanapiga makofi. Meya na mumewe nao wanaingia. Uwanjani wamebaki mheshimiwa na kipaza sauti.)

Naam. Kwa hiyo. Kwa niaba ya serikali ya mji natamka kwamba fesi ya kwanza imekamilika kabla ya wakati. (Hakuna anayesikia. Mheshimiwa anazima kipaza sauti, anasogea mpaka kizingitini na karatasi zake kumi na nane mkononi.) Samahanini. Kuna kiti?

(Yonas anavuta kiti. Anamtazama kwa upole kabisa, kama fundi anavyoitazama baiskeli iliyogongwa. "Kipo, mheshimiwa. Ila meza hii ni Kiholanzi kitupu. Utaweza?")

Nitajaribu. Asanteni sana.