Maji ya Baraka Mbele ya Pikapu

Jumatatu, 17 Februari

Pikapu imefika! Nyeupe. Ya umeme. Haitoi moshi, haitoi sauti, haitoi hata harufu. Nimeinunua kwa mtu wa mji mkuu, Sofia, ambaye alifurahi mno kuachana nayo. Nimeona ni ukarimu wake.

Majirani wamekuja kuilowesha, maana huku kwetu gari jipya haliendi mbali kabla mwenyewe hajawanywesha watu. Rakia yote, pombe yetu kali ya matunda, imekwisha. Mwanyumba wangu Blagoy, aliyemwoa Nevena, dada mkubwa wa mke wangu, amekunywa kuliko wote na kusifu kidogo kuliko wote. Ameizunguka pikapu, akalipiga teke gurudumu, akaniuliza kama inapiga pasi na mashati.

Acha acheke. Kwa miaka sita, kila majira ya baridi, nimekuwa mpakiaji wake. Yeye anakaa ndani ya lile gari lake la dizeli anakula mbegu za alizeti, mimi nabeba ski za watalii, zile fito ndefu za kutelezea kwenye theluji, mabegani kama kuni. Sasa yamekwisha. Kuanzia leo mimi ni mwenye gari.

Zlatina, mke wangu, ameweka sharti. Pikapu iwe na kazi kabla ya siku ya Bibi Marta, sikukuu yetu ya kuaga baridi, tarehe mosi Machi. Ikikosa, inauzwa, na mimi narudi kubeba kwa Blagoy. Nimemwambia hana haja ya kuhesabu siku. Amesema ameshaanza.

Kabla sijaitoa langoni, mama mkwe wangu, Mama Yordanka, amemwaga birika zima la maji mbele ya magurudumu ili mambo yangu yaende kama maji. Ndivyo anavyofanya kwa kila mtihani, kila harusi, kila jino linalokwenda kung'olewa. Viatu vyangu vimelowa chapachapa. Lakini moyo wake ni mzuri.

Jumanne, 18 Februari

Mambo yanaanza kwenda kama maji kweli. Bi Radostina, mwenye hoteli ya juu kule, anapokea wageni wa Thesaloniki Ijumaa. Amechoka na moshi wa Blagoy kuingia kwenye ukumbi wa chai ya asubuhi. Nimemweleza kuhusu pikapu kwa ufasaha hadi akaniomba ninyamaze kidogo.

Amekata shauri. Jumamosi ni mashindano. Mmoja wetu atabeba ski za wageni, mwingine atabeba zile mbao pana za theluji ambazo vijana husimama juu yake kwa ubavu. Atakayetangulia kufikisha mzigo wote kwenye kituo cha chini mjini cha vigari vya waya vinavyopandisha watu mlimani, kabla hakijafunguliwa, ndiye atakayepewa kazi ya msimu wote.

Nimemtangulia Blagoy kuchagua ski. Ni nyembamba, hazichukui nafasi. Blagoy amechukua mbao. Mtu asiye na akili ya biashara.

Mchana nimefanya majaribio kwa ski za zamani za ukoo mzima. Imebainika kwamba ski ni ndefu kuliko bodi ya pikapu. Kitu kidogo. Nikauacha mlango wa nyuma wazi, nikazifunga kwa kamba ya kuanikia ya Mama Yordanka. Zimetulia vizuri hadi nilipoanza kupanda mteremko wa kanisani. Hapo zikatoka zote, moja moja, kwa adabu, zikateremka barabarani zenyewe. Padri Mladen aliziona, akapandisha kanzu yake hadi magotini akazipisha. Jozi moja iliingia mgahawani mlango ukiwa wazi na kusimama chini ya meza ya Blagoy.

Amenirudishia mwenyewe, mbele ya watu. "Bwana mdogo," akasema, "wateja wako wameshafika, tunakusubiri wewe." Wamecheka hadi wenye mafua wakapona.

Alhamisi, 20 Februari

Baridi inakula betri! Hakuna aliyeniambia. Pikapu imelala imejaa, imeamka na nusu, na haijakwenda popote. Nimempigia yule mtu wa Sofia. Namba haipo.

Tena kuna suala la kuchaji. Jana jioni nilichomeka wakati Zlatina anapika. Kichochoro kizima kikaingia giza katikati ya ule mchezo wa Kituruki kwenye televisheni, bwana harusi akiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kusema mtoto ni wa nani. Kina mama walitoka nje na mishumaa wakiniita majina. Zlatina amesema nichague kati ya pikapu na friza yenye nguruwe wa Krismasi.

Nimechagua njia ya tatu. Ghala la Blagoy limepakana na ua wangu, na ndani ya ghala kuna soketi imekaa bure. Blagoy akishakula maharage yake ya mchana hulala, na akilala hata kengele za kanisa humwogopa. Nimepitisha waya kwenye tundu la uzio. Umeme wa Blagoy utamshinda Blagoy! Nimecheka peke yangu hadi kikohozi.

Kikwazo kidogo tu: Nevena aliuona waya, akadhani ni kamba, akaanika soksi za mumewe. Nimeshindwa kumwambia azitoe bila kueleza waya ni wa nini. Kwa hiyo pikapu imechajiwa chini ya bendera za soksi za adui. Zimeganda, ngumu kama samaki wa chumvi.

Ijumaa, 21 Februari

Wageni wamefika. Nimepakia ski zao hotelini na kuziteremsha nyumbani, tayari kwa kesho. Safari hii nimezifunga kwa akili: kamba, mkanda wangu wa harusi, na lile zulia la mahari la Zlatina juu yake. Waya nao nimeuchomoa na kuutupia juu ya mzigo pamoja na soksi zake, maana hazitoki.

Kisha nikamwona Blagoy akifunga minyororo ya kukamata barafu kwenye matairi. Ameshapakia mbao zote, anapiga mluzi. Nikaingiwa na hofu ya kweli. Nilijiona tena mimi yule, mgongo umepinda, begani ski, nyuma yangu Blagoy anatema maganda ya alizeti. Siwezi kurudi kule. Nitauza figo kwanza.

Ndipo wazo likaja. Mama Yordanka ni mama mkwe wetu sote wawili, na maji ya baraka kwenye baridi hii huwa barafu kabla ya asubuhi. Nikamwendea kwa upole. Nikamwambia, mama, si haki kunibariki mimi peke yangu, Blagoy naye ni mwanao, nenda jioni hii ukamwagie mbele ya lango lake. Si birika tu. Mengi. Mambo yake nayo yatiririke.

Mama Yordanka alilia. Alinibusu kwenye paji la uso akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nakudhania vibaya." Birika aliliona dogo kwa upendo kama huo. Alichukua mpira wa kumwagilia bustani, akafungulia kwa saa nzima huku akiomba.

Zlatina ameniangalia sana. Ameuliza kama nina homa. Kisha ameuliza kama nakumbuka lango la Blagoy liko wapi. Nimemwambia naam, liko juu ya letu, nalijua vizuri. Amesema haya.

Jumamosi, 22 Februari

Maji huteremka.

Mbele ya lango la Blagoy asubuhi palikuwa pakavu kabisa. Mbele ya langu palikuwa kioo. Kioo hadi chini kabisa ya kichochoro, kizito, safi, unajiona uso. Blagoy alipita juu yake na minyororo yake, taratibu, krach krach krach, akaniinulia kofia.

Mama Yordanka alikuwa amenisubiri langoni na birika langu. Akamwaga na hayo.

Nilikanyaga kidogo. Magurudumu yalizunguka, pikapu haikwenda mbele. Ikafikiri. Kisha ikaenda pembeni, ikageuka yote, ikaanza kuteremka kinyumenyume. Betri yake ina uzito wa ng'ombe wawili. Nilikanyaga breki, nikavuta breki ya mkono, nikamwita Mtakatifu Nikola, hakuna aliyejibu. Na yote hayo kimyakimya! Gari lisilo na sauti. Mama Yordanka alinipungia mkono, akidhani ndivyo linavyoendeshwa.

Kwenye kona ya mgahawa nikamkuta Blagoy. Hakunisikia. Kwa nini anisikie? Nilimgonga kwa nyuma polepole, kama mtu anayeomba njia. Gari lake likachomeka pua kwenye lundo la theluji, mlango wa nyuma ukafunguka, na mbao zote za theluji zikamwagika ndani ya pikapu yangu, juu ya zulia, juu ya soksi. Mmoja tu ulikosa nafasi, ukatangulia peke yake. Mimi nikaendelea na safari.

Niliingia kituoni kinyumenyume na kusimama kwenye lundo la theluji mbele ya mlango, mlango ukiwa bado umefungwa. Ule ubao mmoja ulikuwa umeshafika, unanisubiri. Wageni wa Thesaloniki walipiga makofi. Bi Radostina aliangalia saa, akaangalia mzigo. Ski zipo. Mbao zipo. Akauliza Blagoy yuko wapi. Nikasema anapumzika.

Akanipa mkono. Msimu wote ni wangu! Mimi! Niliwaza Zlatina atafanya uso gani. Niliwaza nitamwajiri Blagoy, na nitakuwa mwema kwake, si sana.

Halafu Bi Radostina akaongeza kwamba jioni vyote virudi hotelini kabla ya chakula.

Juu.

Hakuna mtu anayefikiria jioni asubuhi. Betri ilikuwa imebaki kidogo, na kile kidogo nilikitumia kuwasha joto la kiti nikisubiri. Jioni pikapu ilikata roho chini ya kichochoro, imejaa, wageni wamesimama kandokando na viatu vyao vikubwa, wananiangalia. Blagoy alikuja. Gari lake lina bonde nyuma na mlango haufungi, lakini minyororo ipo. Hakunitukana. Alizunguka mzigo, akainua pembe ya zulia, akaona waya wenye soksi zake sita zimesimama wima. Akazitazama. Akautazama uzio wangu kule juu. Akalitazama ghala lake.

"Bwana mdogo," akasema, "kumbe nami nimekuwa nikikunywesha umeme."

Kisha akanifunga kamba, akanivuta. Taratibu. Krach krach krach. Dirisha moja baada ya jingine, watu wamejaa. Mimi nimeshika usukani ili ionekane kuna ninachofanya. Imeniuma. Sitasema zaidi.

Jumatatu, 24 Februari

Bi Radostina amebadili mawazo. Anataka mtu anayeweza kwenda chini na pia kurudi juu, amesema, hilo kwake si kubwa kuomba. Kazi amempa Blagoy.

Lakini hapa ndipo akili yangu ilipoonekana. Hataki moshi karibu na ukumbi wa chai, na mlango wa gari la Blagoy haufungi. Kwa hiyo wanaihitaji pikapu! Asubuhi pikapu inateremsha ski na mbao hadi kituoni, jioni gari la dizeli linaivuta hadi geti la hoteli, huko nje, mbali na chai. Blagoy ataendesha, kwa sababu ya usalama. Mimi nitakuwa nyuma, na mzigo.

Nimemweleza Zlatina kwamba sasa mimi ni mbia. Amefikiri kidogo. Amesema pikapu imepata kazi kabla ya Bibi Marta, kwa hiyo haiuzwi, na mimi nimerudi kwa Blagoy, kwa hiyo sharti limetimia pande zote mbili, jambo ambalo hakulitegemea hata kwangu.

Blagoy amenipa soksi zake nizikaushe.

Jumamosi, 1 Machi

Siku ya Bibi Marta. Mama Yordanka amenifunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, na mwingine kwenye kioo cha pikapu. Wa Blagoy ni mnene zaidi. Nimepima.

Wiki nzima nimebeba. Begani ski, kwapani mbao, na Blagoy kwenye kiti changu, kile chenye joto, anakula mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye sakafu yangu. Nimepata muda mwingi wa kufikiri. Nimejikagua bila kujionea huruma, na nimegundua nilipokosea.

Maji hayakuwa kosa. Kosa ni kwamba yalikuwa ya baridi.

Bi Radostina anapokea Waromania kesho, wengi mno kwa pikapu peke yake, na Blagoy atapeleka shehena ya kwanza kwa gari lake la dizeli, mlango ameufunga kwa kamba. Asipofika, nani atakuwa hapo, tayari, na pikapu? Nimezungumza na Mama Yordanka. Amelia tena. Sufuria kubwa ya kupikia rakia iko motoni, na mpira wa bustani umeshafikishwa kwenye lango la Blagoy. Ya moto yatakaa pale pale yalipomwagwa, maana hayana haraka.

Zlatina ameuliza maji ya moto huteremkia wapi. Maswali yake hayaishi. Sasa yuko nje na ndoo ya majivu, yale ya kuzuia utelezi, anayamwaga mbele ya lango letu lote hadi barabarani. Nimefungua dirisha nikamwambia aache, anaharibu baraka.