Vitatange wa Mto Sabaki

Jumamosi, 1 Agosti

Nimepata njia! Mzee Aly wa Mambrui, babake Raiya, ana shida ya mbu. Birika lake la uani, lile la saruji la maji ya mvua, limejaa viluwiluwi, na samaki waliokuwa wakiwala wamekufa kwa uzee. Leo barazani amesema anataka samaki wa mto, wa maji matamu. Akamtaja Mahir, mwenye duka la samaki wa mapambo mjini Malindi. Mahir! Kijana wa mafuta ya nywele, anayemwamkia mamake Raiya kwa sauti ya asali. Nikadakia kabla Mzee hajamaliza. Nikasema mimi Zaid ninao samaki wa Sabaki, aina ya nadra, Jumatatu watakuwa kwake. Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Idi. Nampenda Raiya mpaka nasahau kula. Nikimwondolea babake mbu, posa imekubaliwa nusu. Limebaki jambo dogo la kupata samaki.

Jumapili, 2 Agosti

Sabaki ni matope na mamba. Sikwenda. Nimekwenda Kilifi kwa Dzombo, mzamiaji anayevua samaki wa mapambo wanaopelekwa ng'ambo. Kaniuzia waliokataliwa kwa kuchanika mikia. Vitatange! Wa njano, mistari myeusi, wazuri mno. Dzombo kaniuliza tena na tena kama nina maji ya bahari. Nikamjibu yapo. Si uongo, bahari ipo.

Mzee Aly ni mtu wa minazi na nyumba za kupangisha, samaki humjua akishakaangwa. Ubavuni mwa ndoo nimeandika: SAMAKI WA MTO, MAJI MATAMU. Kutwa nimewazoeza maji matamu, kikombe baada ya kikombe. Wanajifunza. Mmoja amelala ubavu, nadhani ni mzembe.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimewafikisha. Mzee aliinama juu ya birika akasema mashaallah. Bi Zeina, mamake Raiya, naye akasema mashaallah. Raiya akawatazama samaki, akanitazama mimi, akaingia ndani. Haya za mwana wa watu. Mzee akalipa papo hapo, cha bure hataki.

Baada ya Alasiri wote wakawa wanaogelea kiubavuubavu. Mzee akauliza, mwanangu, mbona hawa wamelala? Nikamweleza kwamba samaki wa mto hupumzika jioni, kwani kupambana na mkondo kunachosha. Akasema kumbe. Nimerudi nyumbani roho juu.

Jumanne, 4 Agosti

Dawa nimeipata! Ikiwa samaki hawataki maji matamu, maji na yawe ya chumvi. Nimenunua gunia dogo la chumvi ya mawe kule Gongoni, nikalifunga tumboni chini ya kanzu. Njiani mama mmoja kanipa pole ya tumbo. Mzee alipojinyoosha baada ya chakula cha mchana nikaingia uani, eti kukagua samaki. Nikamimina chumvi yote, nikakoroga kwa mwiko wa Bi Zeina. Wakasimama! Mmoja, wawili, wote isipokuwa yule mzembe. Nikacheza peke yangu chini ya mlimau. Gunia tupu nikalisukumia nyuma ya shina, nikaenda zangu.

Jumatano, 5 Agosti

Nilisahau kwamba maji ya birika ndiyo ya chai. Tena ndiyo ya kutawadhia. Mzee kasukutua Alfajiri, akatema mpaka ukutani. Bi Zeina kamwaga sufuria nzima ya chai akidhani amekosea mkebe wa sukari. Akapika nyingine, akaimwaga nayo.

Ndipo Mzee akachovya kidole birikani, akaonja, akaketi chini. Amewatangazia majirani kwamba bahari imepenya chini ya nyumba yake. Ameagiza lori. Wanahamia shambani kwao Marafa, nyumba nzima, na Raiya pia, na habari za kumwoza zimesimama mpaka bahari irudi kwao. Marafa! Huko nitapita kwa kisingizio gani? Nikamwambia Mzee labda bahari itaondoka yenyewe. Akanishika bega kwa huruma, akasema mimi kijana mwema. Nimejisikia vibaya sana, kwa muda.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeumbuka. Lori limekuja. Godoro la Raiya lilikwisha pakiwa pale Mahir alipoitwa awachukue samaki. Akainama, akaonja maji, akatabasamu. Akasema kwa ile sauti yake kwamba hawa ni vitatange wa baharini, kila mtoto wa Mambrui anawajua. Nikasema Sabaki ni mto mrefu. Hapo Raiya akatokeza nyuma ya mlimau na gunia langu, akaliweka miguuni pa babake. Akasema aliniona Jumanne, amengoja niseme mwenyewe, lakini yeye Marafa haendi.

Mzee akaliokota gunia, akalikung'uta chumvi. Kisha akasema kwamba Ijumaa iliyopita Ami Athman, ndugu wa marehemu baba yangu, alikuja kuniposea, naye akakubali. Akakubali! Kabla ya samaki! Walipatana nisiambiwe mpaka Ijumaa hii, kwa kuwa Ami alisema huyu akijua mapema ataharibu. Nikalia mbele ya wapakiaji.

Mzee hakuvunja neno lake. Kesho baada ya swala nije na Ami, mikono mitupu. Raiya akaongeza kwamba nikileta kitu chochote, hata ndimu, jibu lake ni hapana na hatalirudia. Nikaapa. Nilikuwa nasema kweli kabisa.

Ijumaa, 7 Agosti, asubuhi

Raiya ni wangu! Kanzu imepigwa pasi. Mikono mitupu, kama nilivyoapa.

Ila Ami ameniambia kwamba Mahir amemwekea Mzee sanduku la kioo sebuleni, maji ya bahari, vitatange waliosalimika wanazunguka ndani, na Mzee tangu jana habanduki hapo. Yaani mimi niketi kwenye posa yangu huku watu wanasifu samaki wa Mahir?

Nimetoka mapema kwenda bwawani kwa Kahonzi, kando ya Sabaki. Ana tilapia wachanga tele, wa maji matamu, wanaokula viluwiluwi. Anawagawa bure. Lakini kama walivyo ni wa nini tena, birika limekwisha kumwagwa. Nimewapaka bizari, nikawachora mistari kwa wanja wa dada yangu. Ubavuni mwa ndoo nimeandika: SAMAKI WA BAHARI KUU. Mmoja ameanza kufutika, nitamwambia Mzee ni mgonjwa.

Kuhusu kiapo, nimekifikiria kwa makini. Raiya alisema mimi nisilete kitu. Ndoo ataibeba Ami.