Kufuli la Frimasoni

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama: kufuli la tangi la shule halifungi. Limening'inizwa tu. Nililishika mwezi wa tatu, siku moja baada ya Kamati ya kata ya kuzuia Frimasoni kulitundika, likafunguka lenyewe mkononi mwangu. Nikachota maji kwa kikombe, nikanywa, nikalirudisha. Nimefanya hivyo mara kumi na moja. Kila mara nilingoja nitajirike, maana walisema anayekunywa maji yale hutajirika kwa damu ya ndugu zake. Sijatajirika, na ndugu zangu wote ni wazima. Mmoja ana mafua.

Tangi lilijengwa na Fundi Bonifasi ili kukinga maji ya mvua. Alipomaliza, alichora ubavuni mwake bikari na guni, ile pembe mraba ya waashi, kama anavyochora kwenye kila anachojenga tangu sijazaliwa. Mtu mmoja alikuwa na gazeti kutoka Dar es Salaam lenye picha ya alama kama hiyo na maneno FRIMASONI WAINGIA NCHINI. Ikatosha. Tangi likafungwa. Klabu yetu ya midahalo ikaomba kujadili mada "Frimasoni ni nani hasa?", nayo ikafungwa. Mimi ndiye katibu wa klabu. Nilichagua ukatibu kwa sababu katibu hasemi.

Mama anashuka bondeni kufuata maji, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi, na tangi limejaa. Mimi najua, na nimenyamaza, kwa sababu naogopa kuitwa Frimasoni. Kwa hiyo nimeandika hotuba hii. Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Ladislaus, hajaitoa, lakini kila nikimsikia akizungumza naona kama imebaki kidogo tu.

*

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kata ya Kuzuia Frimasoni na Kuhamasisha Kufikiri, ambaye pia ni mimi, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati, mliopo hapa na mlioko Masasi kwenye semina, Mwalimu Mkuu, mashehe na mapadri wetu, wanunuzi wa korosho mliokuja na magari yenu na mliokuja na mizani yenu, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), akina mama mliokuwa mkielekea bondeni na ndoo zenu mkasimamishwa na mgambo ili mkutano ujae, wanafunzi, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa itazingatiwa katika awamu ya pili. (Makofi.)

Ndugu wananchi, napenda kuchukua fursa hii, ambayo nimeichukua mwenyewe bila kumsumbua mtu kunipa, kuwapongeza kwa kunipata mimi, hasa katika kipindi hiki kigumu cha soko huria na kuelekea mwaka elfu mbili, ambapo kila kitu kimekuwa huria, korosho huria, redio huria, mitumba huria, na sasa, nasema kwa masikitiko makubwa na kwa mujibu wa ripoti ya intarimu, hata maswali nayo yameanza kuwa huria. (Minong'ono. Mgambo anasema, "Nyamazeni, bado anaanza.")

Kamati yangu haikulala. Kamati yangu ilifanya fizibiliti stadi, ikafanya wekshopu, ikafanya ziara ya mafunzo Tandahimba, ambako tulijifunza kwamba Tandahimba ipo, na mwishowe ikaandaa framuweki ya kuwatambua Frimasoni kwa vigezo vya kisayansi, yaani kwanza mtu awe amenunua kitu, pili kitu hicho kiwe kizuri, na tatu jirani yake awe hana. (Makofi marefu kutoka kwa majirani.) Kwa vigezo hivyo tumembaini Mzee Mahmudu, ambaye msimu uliopita alinunua televisheni. (Mzee Mahmudu: "Niliuza korosho, Mheshimiwa! Mizani ilikuwa hapo hapo, na wewe ulikuwepo!") Mzee wangu, shikamoo. Naheshimu maelezo yako. Lakini wote tuliuza korosho, na mimi sina televisheni, sasa hebu fikiri mwenyewe. (Sauti: "Wewe ulinunua pikipiki!") Pikipiki ni chombo cha usafiri, ndugu zangu, tusichanganye mambo.

Na kuhusu takwimu, kwa sababu serikali ya sasa inakwenda na takwimu, naomba niwataarifu kwamba kabla ya Kamati yangu kuundwa, Frimasoni waliothibitika katika kata hii walikuwa asilimia sifuri, na baada ya miezi sita ya operesheni kali wamepungua kwa asilimia arobaini. (Vigelegele. Mwalimu wa Hisabati anafunika uso.) Mafanikio haya yametokana na zoezi la kukusanya bikari zote kutoka kwenye mikebe ya wanafunzi, bikari mia moja na themanini na tatu, ambazo zimehifadhiwa nyumbani kwangu chini ya kitanda, kwa usalama wa taifa. Najua yapo malalamiko kwamba watoto wa Kidato cha Nne wanachora duara kwa vifuniko vya sufuria. Nauliza, duara si duara? (Ndilo!) Sufuria iliwahi kumtoa mtu damu? (Haijawahi! Sauti ya mwanamke: "Yangu imewahi, ilikuwa na uji wa moto!") Tutalipokea kama maoni.

Sasa nakuja kwenye barua. Klabu ya midahalo ya shule hii iliniandikia barua. Imesainiwa na katibu wake, mtoto ambaye jina silikumbuki kwa kuwa hajawahi kusema neno, naye anadai amesoma ensaiklopidia ya maktaba, na anaeleza, nanukuu, kwamba Frimasoni ni chama cha watu kilichoanzia Ulaya, kilichochukua zana za waashi kuwa mfano wa mwenendo mwema, guni likiwakumbusha kuwa wanyofu na bikari ikiwakumbusha kujiwekea mipaka. Kwamba wana siri zao na sherehe zao, wako wanaowapenda na wako wasiowapenda kabisa. Na kwamba ndani ya vikao vyao ni mwiko kubishania dini na siasa, ili watu wasioafikiana waweze kukaa chumba kimoja. Halafu mtoto huyu anauliza, na hapa ndipo nilipovua miwani: sisi wa kata hii, Waislamu na Wakristo, wa chama hiki na wa chama kile, hatuwezi kukaa darasa moja kwa saa moja tukaulizana tunajuaje tunachosema, bila kutukanana?

Mtoto wa Kidato cha Tatu, ndugu zangu! Amesoma kitabu kizima cha herufi F! Leo F, kesho G, na ikifika Z nani ataongoza kata hii? (Mshtuko.) Hata hivyo mimi si mtu wa kubeza. Mimi mwenyewe ni muumini mkubwa wa kufikiri, yaani kritiko thinkingi, kama wanavyosema wenzetu walioendelea. Nimeshafikiri mara nyingi. Ninachosema ni kwamba kufikiri kufuate utaratibu, kuanzie ngazi ya Kamati, kupitie mchakato, kushuke kwa wadau kukiwa kumekwisha, ili mwananchi akupokee kukiwa kumekauka vizuri kama korosho ghalani. (Makofi.)

Na ndiyo maana, ili kuwashinda hawa watu wa siri, Kamati yangu imeamua kukutana kwa siri. (Makofi ya woga.) Tunaingia kikaoni kwa neno maalumu. Tunapeana mkono kwa namna ambayo siwezi kuionyesha hapa. Tumekula kiapo. Kumbukumbu za vikao hatuandiki. Na kila mjumbe ana aproni yake, aliyoshonewa kwa vipimo. (Mama mmoja anainua mkono. Ni Mama Stamili.) Mama, hatukupanga maswali. (Umati: "Mwache aulize! Kasimama juani tangu asubuhi!") Haya, kwa ufupi.

("Mheshimiwa, shikamoo." Marahaba. "Mimi sikusoma sana, unieleze polepole. Wale Frimasoni wanakutana kwa siri." Sahihi. "Na nyinyi mnakutana kwa siri." Kwa nia njema. "Wale wana neno la kuingilia. Na nyinyi mnalo. Wale wana aproni. Na nyinyi mmeshonewa. Sasa mimi nikikutana na mmoja wenu njiani, ndoo iko kichwani, nitajuaje nikimbie au niamkie?")

Swali zuri sana. Ni rahisi, mama. Sisi tuna beji. ("Beji yenyewe ikoje?") Ni siri. (Kicheko. Mgambo naye anacheka, kisha anakumbuka kazi yake.)

Natambua pia uwepo wa Fundi Bonifasi, mtuhumiwa wetu, ambaye naona amesimama. Fundi, kaa. ("Mheshimiwa, nauliza kwa heshima tu, sina ugomvi na mtu. Miaka ishirini na sita najenga hapa, na alama ni hiyo hiyo, kwa sababu ndizo zana zangu, na baba yangu alizitumia. Nimeichora kwenye ghala la korosho, nimeichora kwenye zahanati. Na mwaka juzi niliichora kwenye choo chako. Unakitumia?") (Vicheko vya kushika mbavu.) Fundi, choo changu kimefanyiwa tathmini ya kina na kuonekana kina manufaa kwa kiongozi. ("Na tangi?") Tangi linawahudumia watu wengi, kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. ("Sasa, Mheshimiwa, niliyekijenga choo si ndimi niliyelijenga tangi?") Ndugu mwandishi, hilo usiandike.

Ndugu wananchi, tusitoke nje ya mada. Leo ni siku ya furaha. Tumekusanyika hapa kuzindua Jumba la Majadiliano la Kata, jumba la kisasa lenye viti mia tano, maktaba, kipaza sauti, chumba cha waliokubaliana na chumba cha ambao bado, jumba ambalo ndani yake kila mwananchi atakuwa huru kusema chochote alichoandikiwa, na ambalo likikamilika kwa asilimia mia moja, na sasa tumeshafikia asilimia tisini na nane ya kulikusudia, watu watatoka Newala mjini, watatoka Chidya, watatoka hadi Mtwara, kuja kujifunza kwetu namna ya kubishana kimya kimya. (Vigelegele. Watu wanageuka huku na huku kulitafuta jumba.) Msigeuke! Tazameni mbele!

Fikra! (Zifikiriwe!) Maswali! (Yaje kwa maandishi!) Majibu! (Yasubiri semina!) Frimasoni! (Wapungue! Sauti ya Mzee Mahmudu: "Kutoka sifuri!")

Kabla sijakata utepe, naomba niwashukuru wote walioufanikisha mradi huu: namshukuru mkandarasi, ambaye hakuja kwa sababu hakuitwa, namshukuru mchora ramani, ambaye hakuchora kwa kuwa bikari zote tunazo sisi, nawashukuru mafundi, ambao tungewatuhumu wote kama wangejitokeza, namshukuru mtunza stoo aliyeiazima Kamati kufuli bovu la kutundika tangini, kwani zima lilihitajika kwenye pikipiki yangu, nakushukuru wewe, mwananchi, kwa kutolivuta. Na sasa, kwa mamlaka niliyojipa, naukata utepe huu, uliofungwa kati ya mikorosho miwili, na ambao nyuma yake, kama mnavyojionea wenyewe, ipo mikorosho mingine. Asanteni sana kwa kutouliza.

*

Hayo niliyaandika Jumatano. Alhamisi nilimpa Awadhi, mwenyekiti wa klabu, daftari lenye hotuba akaisome mbele ya watu, kwa kuwa sauti yake ni kubwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanirudishia daftari. "Hii ni yako, Stamili. Soma mwenyewe."

Sikuisoma. Ijumaa baada ya masomo nilisimama njiani mpaka Mama na wenzake walipofika wakielekea bondeni. Nikamwamkia, nikachukua ndoo yake, nikaenda nayo kwenye tangi. Walinifuata ili kunizuia. Nikavuta kufuli mbele yao, likafunguka, nikalitia mfukoni mwa sketi. Nikachota, nikanywa kikombe kizima.

Mama akaniuliza, "Umejuaje kwamba halifungi?"

"Nililivuta."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Nilijua anahesabu safari za bondeni. Akapokea kikombe, akanywa, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Mwezi wa tatu," akasema. "Basi ndoo zote kuanzia leo utabeba wewe." Wenzake wakacheka, wakasogeza ndoo zao. Nilichota mpaka zote zikajaa, nikambebea Mama ya kwake hadi nyumbani.

Jumatatu asubuhi niliibandika hotuba hii ubavuni mwa tangi, chini ya bikari na guni, nikaandika chini yake jina langu kamili. Halafu nikaingia kwenye kipindi cha Hisabati. Tulikuwa tunachora duara. Nilitumia kikombe.