Shavu la Tarumbeta ya Kwanza

Ijumaa, 15 Septemba

Jino limetoka. La mwisho, chini kulia. Mizizi mitatu, mmoja umepinda kama ndoano. Daktari Ječmínková alivuta mpaka miwani ikamteremka puani. Akasema hajaona jino kaidi hivi tangu aanze kazi. Nilifurahi sana. Nikaomba nipewe nikalihifadhi.

Kisha akaharibu mambo. Akaniambia nisipulize tarumbeta kwa wiki mbili. Wiki mbili! Jumapili ya wiki ijayo ni sikukuu ya kijiji. Bendi itazunguka, itasimama uwanjani chini ya ule mti mrefu wenye riboni, watu wote watanyamaza, na mimi Bohumír Zapletal nitapiga kipande cha peke yangu. Kama nilivyopiga miaka thelathini na moja bila kukosa. Nilipiga hata mwaka ule wa mafua makali. Bibi mmoja alilia.

Nikamwambia daktari nimeelewa. Sikumwambia nimekubali.

Bendini asijue mtu. Hasa Šupka. Radomil Šupka, fundi bomba, tarumbeta ya pili. Ameketi nyuma ya bega langu miaka kumi na tisa, mpole kama kondoo, anasubiri. Simwamini mtu mpole. Tena ana meno yake yote.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimeamka na uso wa mtu mwingine. Shavu la kulia limejaa kama donge la unga lililoumuka. Dada yangu Drahomíra alicheka mpaka akashika meza, kisha akaleta futi yake ya cherehani. Kutoka sikio hadi kidevu: kushoto sentimita kumi na nne, kulia kumi na tisa. Sentimita tano! Nimeandika ukutani kwa penseli.

Nikajifunga skafu nikaenda duka la dawa. Bi Vlčková ni mwanamke msomi, anasema polepole. Akanipa kopo la vidonge vyekundu. Ndani mna vimeng'enya: kimoja cha nanasi, kimoja cha papai, kingine cha kongosho la mnyama. Pamoja navyo rutini, unga wa manjano unaotoka kwenye mimea, wa kuituliza mishipa midogo ya damu. Huku kwetu kila mwenye goti bovu anavijua. Akasema vinasaidia uvimbe ushuke, lakini si uchawi, kuwe na subira. Vinne, mara tatu kwa siku. Nimeze vizima na maji mengi, nisitafune, gamba lake lipite tumboni salama. Tumbo liwe tupu: nusu saa kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula.

Nikamwuliza: nikimeza mara mbili ya hapo, nitapona kwa nusu ya muda? Akaniambia, “Baba Zapletal, utapata kuhara tu.”

Hesabu si fani yake.

Jumapili, 17 Septemba

Tumbo tupu! Huku kwetu Moravia, wiki ya kuelekea sikukuu, nyumba ya Drahomíra! Anaoka vimkate vya jamu ya plamu mia mbili na arobaini vya wageni, na kila sinia likitoka lazima mtu aonje. Saa mbili asubuhi nimeonja. Saa nne nimeonja. Saa sita bata na kabichi. Saa nane mchuzi ulikuwa umebaki, ningeumwaga? Kila nikikaribia saa mbili za tumbo tupu, jiko linafunguka.

Vidonge vilivyomezwa leo: sifuri. Shavu: kumi na tisa. Nafsi: imara.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimepata akili ya ajabu. Kwa nini kidonge kizungukie tumboni, na adui yuko mdomoni? Nimeponda vinane kwenye kinu cha mbegu za mpopi, nikapaka unga wake kwenye fizi.

Moto! Ulimi ukawa kama umelambishwa betri. Nikatema kwenye sinki lenye shati jeupe la bendi ambalo Drahomíra alikuwa ameliloweka. Sasa lina madoa mekundu kifuani. Ni shati langu, lakini amekasirika kama la kwake.

Hapo hapo mlango ukabishwa. Šupka! Alikuja na supu ya kuku ndani ya sufuria. Nilipiga mbio hadi chumbani. Nikamsikia akimwuliza Drahomíra, “Dada, kaka Bohumír vipi? Jana hakuonekana kanisani.” Dada akajibu naumwa koo. Šupka akasema basi supu laini itamfaa, asitafune kitu.

Asitafune! Kwa nini mtu anayeumwa koo asitafune? Anajua kitu. Supu nimeinywa yote kwa ajili ya uchunguzi.

Jumanne, 19 Septemba

Drahomíra ameninyang'anya kopo. Ameliweka ndani ya kabati la cherehani na ufunguo ameuvaa shingoni. Ananipa vinne saa kumi na mbili asubuhi, ananisimamia nimalize glasi nzima ya maji, kisha jikoni siruhusiwi mpaka ipite nusu saa. Mchana vivyo hivyo. Jioni vivyo hivyo. Nimemwambia mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Akasema, “Fungua mdomo nione kama umemeza.”

Shavu: kumi na saba na nusu.

Alhamisi, 21 Septemba

KUMI NA TANO! Futi haidanganyi. Ngozi imelegea, naweza kutabasamu pande zote mbili. Bi Vlčková alipita dirishani, nikamwonyesha. Akasema vizuri, vidonge vimesaidia, na uvimbe wa jino kwa kawaida huanza kushuka wenyewe siku hizi. Drahomíra akasema, na mimi pia nimesaidia.

Nimewaacha waseme. Anayejua siri ya mwili huu ni mwenye mwili.

Ijumaa, 22 Septemba

Mazoezi ya mwisho. Nimeenda bila skafu, kichwa juu. Nilipuliza sauti tatu chooni kabla ya kuingia. Zilitoka safi! Zinauma kidogo, lakini safi.

Ndani nilimwambia kiongozi wetu, mzee Otáhal, kuwa natunza midomo kwa ajili ya Jumapili. Akasema sawa, lakini bendi inahitaji kusikia kile kipande ili ijue pa kuingilia. Akamwambia Šupka apige.

Akapiga.

Nitaandika kwa haki, maana shajara hii ni ya mwanamume mkweli. Hakukosea. Sauti ilitoka laini, ndefu, haitetemeki. Mpiga ngoma alisahau kuingia. Otáhal alivua kofia akajikuna, akasema, “Haya, haya.” Mimi katika miaka thelathini na moja hajaniambia “haya” mara mbili.

Šupka akaniinamia akanong'ona nimsahihishe pale alipoharibu. Nikamwambia pumzi yake ni ya fundi bomba. Akasema asante, atalifanyia kazi.

Nyumbani nimejipima tena. Kumi na tano ile ile. Imebaki sentimita moja. Moja tu inasimama kati yangu na ukamilifu.

Jumamosi, 23 Septemba

Drahomíra yuko kanisani anapamba maua. Ufunguo uko shingoni mwake. Lakini je, vimeng'enya vinatoka wapi? Kwenye nanasi! Bi Vlčková alisema mwenyewe. Basi nimeendesha gari hadi mji wa Kyjov nikanunua mananasi matatu, na sikuyala kama mtoto wa shule. Nimekata vipande vinene, na kile kigogo kigumu cha katikati pia, nikavishikilia shavuni na chini ya midomo, kimoja baada ya kingine, saa tatu nzima. Nikitazama runinga. Nikijisikia mshindi.

Saa tisa midomo ikaanza kuwasha. Saa kumi ulimi ukawa umechubuka kama goti la mtoto. Nimempigia simu Bi Vlčková, nikauliza kwa niaba ya rafiki. Akaeleza kuwa kimeng'enya cha nanasi kazi yake ni kumeng'enya protini, na nyama ya mdomo ni protini. Yaani nilikuwa nakula nanasi, na nanasi linanila mimi. Akasema mwambie rafiki yako aache, asuuze kwa maji, kesho kutwa atapoa.

Kesho kutwa ni Jumatatu.

Shavu: kumi na nne na nusu. Nataka ijulikane kuwa njia yangu imefanya kazi.

Jumapili, 24 Septemba

Jua kali. Kijiji kizima kimevaa. Wasichana na sketi zao zilizokakamaa kwa wanga, vijana na manyoya kofiani. Nimevaa shati lenye madoa, nimefunga kizibao mpaka juu.

Njiani nilikuwa nikishika tarumbeta bila kupuliza, ngoma inaficha mengi. Kisha tukafika chini ya mti, wenzangu wakaketi kwenye mabenchi. Otáhal akainua mkono. Kimya. Hata mbwa. Nikapiga hatua moja mbele, nikainua tarumbeta, nikaigusa kwa midomo.

Machozi yalinitoka. Nikapuliza. Ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa. Fupi, bahati nzuri. Nikaona watu mia tatu wananitazama, na nikajua kuwa pumzi inayofuata haitakuja. Miaka thelathini na moja ilikuwa inaishia hapo, mbele ya Drahomíra aliyeshika mdomo kwa kitambaa.

Na kipande kikaanza.

Kilitoka nyuma ya bega langu. Šupka alikuwa ameketi kwenye benchi, ameinama, tarumbeta ameielekeza mgongoni mwangu, kofia imemfunika macho. Hakusimama. Laiti angesimama, ningemchukia kwa raha. Nikafanya nini? Nikabonyeza vibonyezo. Nikavimbisha mashavu, yote mawili sawasawa. Nikafumba macho pale pa kufumba.

Watu walipiga makofi mpaka njiwa wakaruka kanisani. Mwenyekiti wa kijiji alinikumbatia, akasema sijawahi kupiga hivi maishani mwangu. Bibi wawili walilia. Wawili!

Nilipogeuka, Šupka alikuwa anafuta tarumbeta yake. Nilitaka kusema neno. Akanitangulia: “Umepiga vizuri, kaka.” Kisha akanong'ona kuwa mke wa mwanawe ndiye anayemshikia Daktari Ječmínková koleo, wamejua tangu Ijumaa ile. Bendi nzima imejua. Otáhal alimfanyisha mazoezi makusudi.

Nikammiminia pombe ya plamu. Nikaijaza mpaka ikamwagika. Yangu sikuweza kunywa, midomo ingeungua.

Drahomíra jioni aliniambia jambo moja tu: vidole vyangu vilikuwa vinabonyeza wimbo mwingine.

Jumatatu, 25 Septemba

Nimelala vizuri, nimetafakari kwa utulivu, na nimeona mambo yalivyokuwa. Uongozi wa bendi ni kusimama mbele na kubeba hisia. Hilo nililifanya. Šupka alichangia hewa, na nitamshukuru kwa maneno siku nitakapopata nafasi. Akinizoea hivi, ataweza kuwa tarumbeta ya pili nzuri sana.

Shavu: kumi na nne kamili, pande zote. Nimeshinda.

Asubuhi nilikwenda kuangaliwa kidonda. Daktari Ječmínková amesema kinapona, ila jino la kushoto nalo limeanza kulala vibaya, litolewe Januari, baada ya sherehe zote. Nikamwuliza kama ana nafasi Desemba. Akafungua daftari, akasema ipo Ijumaa moja, tarehe nane.

Tamasha la Krismasi ni tarehe kumi na sita. Siku nane! Safari hii nina uzoefu. Nimeweka jina langu kwa wino. Asijue mtu.

Nimeuliza pia kama duka la Kyjov huleta mapapai mabichi majira ya baridi. Wanaleta.