Mheshimiwa Tobias Azindua Kilobaiti Sitini na Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa madiwani mliofika na ninyi mliotuma udhuru. Mashekhe, mapadre na wachungaji wetu. Wafanyabiashara wa mtaa wa Ng'ambo. Walimu na wanafunzi wa kidato cha nne wa hapa Chemchem. Ndugu Festo wa mitambo ya muziki. Wazee wangu, shikamooni! (Marahaba!) Itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa.

Ndugu wananchi, mimi Tobias Leodgar, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpito ya Uwezeshaji wa Kidijitali Mashinani, nina furaha isiyo na kifani kusimama mbele yenu, kufuatia upembuzi yakinifu uliofanywa na mimi, ukapitiwa na mimi na kupongezwa na mke wangu, ili kuzindua Kituo cha Kompyuta cha Chemchem, ambacho kitamwezesha kila mtoto kuandika insha, kuirekebisha na kuihifadhi pasipo kufuta daftari kwa mate. (Makofi. Mwalimu Flavia ananyoosha mkono: "Samahani, mheshimiwa, ile kaseti ya wanafunzi iko wapi? Kazi zao zote za mradi zimo humo, na zinakusanywa kesho asubuhi.") Ahsante, mwalimu. Maswali ya wadau yatapokelewa baada ya chakula.

Kompyuta yenyewe ndiyo hiyo mezani. Wapo wapotoshaji wanaosema ni ya miaka ya themanini, eti ni kibodi tu iliyochomekwa kwenye televisheni. Nawauliza, mkubwa ni nani, aliyetangulia au aliyezaliwa juzi? (Kicheko.) Tukija kwenye takwimu, kompyuta za wenzetu wa Kaliua zina kumbukumbu ya gigabaiti nane. Nane! Hii yetu ina kilobaiti sitini na nne. Mwenye kutoa na atoe: tumewazidi kwa hamsini na sita! (Vigelegele. Mwanafunzi Minza anainua mkono, mgambo anaushusha.) Na haina haja ya intaneti wala flashi. Mtoto akimaliza kuchapa, maandishi yanaingia kwenye kaseti, kaseti hiihii ya muziki mnayoijua.

Babu zetu walipita hapa na pembe za ndovu begani, miezi na miezi, kutoka pwani hadi Ujiji, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba mtandao uko chini. Nami nitaipitisha kompyuta njia ileile, kituo kimoja kila mahali msafara ulipolala, ifikapo robo ya pili ya awamu ya tatu ya mchakato. (Mwalimu Flavia, kwa sauti: "Mheshimiwa, kaseti! Imeandikwa Kidato cha Nne kwa kalamu nyekundu!") Mnasikia hamasa ya walimu wetu? Mpigieni makofi! (Makofi.)

Kwa kuhitimisha, shukrani. Namshukuru Bwana Ebrahim kwa jengo hili, ambalo kesho linarudi kuwa stoo yake ya magodoro. Namshukuru Bi Sakarbai, mwenye duka la vitambaa, kwa utepe, kwa meza, kwa televisheni, na kwa kompyuta hii ambayo mwanawe Sameer aliitumia kwa kazi za shule enzi hizo, na ambayo wanafunzi hawa wamekuwa wakijifunzia barazani kwake hadi jana, tulipoiazima kwa ajili ya picha. (Bi Sakarbai: "Tobias mwanangu, tamthilia yangu inaanza saa kumi. Na watoto hawajamaliza kuchapa.") Itarudi, mama, itarudi.

Na kwa namna ya pekee namshukuru ndugu Festo, ambaye alipokosa kaseti ya kurekodia wimbo wa kunisifu, alikuta moja hapo mezani ina maandishi ya kalamu nyekundu, akaisikiliza, akakuta ni kelele tupu, kriii, kama nyenje, basi akarekodi wimbo wangu juu yake, pande zote mbili. (Mwalimu Flavia anakaa chini, mikono kichwani. Minza: "Kazi zetu zote, mheshimiwa! Na mpango wako nilikuchapia humohumo.")

Mpango upi? Huu wa kituo? Wote? (Minza: "Wote. Mistari kumi na moja.") Basi nakala itakuwa kwa Kamati. (Sauti: "Kamati ni nani?") Kamati ni mimi.

Ndugu wananchi, kwa kuzingatia misingi ya uwazi, naomba nitamke kwamba mradi haupo, na ukweli ni kwamba haujawahi kuwa popote isipokuwa kwenye ile kaseti. Lakini wimbo wake upo! Tusimame tuusikilize! (Wananchi wanasimama, wanaondoka. Mwalimu Flavia anabeba kompyuta: "Twendeni, wanangu. Tunaanza upya, tutagawana kurasa." Bi Sakarbai anachomoa televisheni.) Mama, taratibu na huo utepe, sijaukata! Kompyuta oyee! Tobias oyee! (Festo, peke yake: "Oyee.") Ahsante sana, Festo. Weka wimbo.

(Festo: "Mheshimiwa, na redio kaseti nayo ni ya Bi Sakarbai.")